Taa ya Mbao Juu ya Kichwa cha Mwenzio ni Amana



Leo nataka tuzungumze juu ya taa za mbao za kuning'inia. Nyote mnazijua. Ni zile zinazoshuka kutoka darini juu ya meza ya kulia, au mbili tatu kwa pamoja barazani. Nyengine za duara kama mzinga wa nyuki, nyengine za vijiti vilivyopangwa kama tenga. Zamani tulizoea kuziona hotelini tu. Siku hizi hata bibi harusi akipanga nyumba yake anataka moja.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja niliyehamia Singida kwa ndoa, na taa hizi nazitengeneza uani kwangu. Nyengine zinabaki hapa hapa mjini, nyengine zinapanda basi, zinavuka bahari kwa boti hadi Malindi. Kwa hiyo nazungumza kazi ninayoishika kwa mikono yangu, na neno langu ni moja, nalisema mwanzo ili lisipotee: taa ni chombo cha umeme kwanza, pambo baadaye. Anayeitengeneza lazima ajue cha ndani, na anayeinunua lazima akubali kukilipia. Tukikosa lolote kati ya hayo mawili tunaning'iniza hatari juu ya vichwa vya watu na kuiita urembo.

Kazi inayofaa uani

Tuanze na uzuri wa kazi yenyewe, maana upo. Kitanda kinataka mbao ndefu, meza kubwa ya kazi na wanaume wawili wa kukibeba. Taa inataka vipande. Ukienda kwa mafundi seremala wa Singida mjini, au wa Manyoni na Itigi kusini mwa mkoa, utakuta nyuma ya karakana rundo la masalio: vipande vya mninga vya urefu wa kiganja, mabaki ya mkongo, ncha za paini zilizokatwa wakati wa kupiga kenchi. Vingi vinaishia kuwa kuni. Kwa mtengenezaji wa taa, rundo lile ndilo duka lake.

Vifaa vya kuanzia navyo ni vichache: msumeno mdogo wenye meno membamba, drili, msasa, gundi nzuri ya mbao, vibanio, kipimo cha pembe na penseli. Hesabu yake ni ya skuli ya msingi. Chukua vipande 12 vilivyo sawa, kata kila kimoja ncha zote mbili kwa nyuzi 15, uvigandishe, duara linafunga lenyewe. Tengeneza duara nyengine ndogo kidogo, nyengine ndogo zaidi, zipange juu kwa juu huku viungo vikipishana kama matofali ya ukuta, na tayari una umbo la taa. Mwanamke mwenye kona ya uani iliyoezekwa anaweza kukata asubuhi, kugandisha adhuhuri, kupiga msasa kesho.

Kuna na sababu kubwa zaidi ya kupenda masalio. Mninga hukua taratibu, miongo na miongo, kabla haujafaa kupasuliwa mbao. Novemba 2022 nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikutana Panama na kuuweka mninga wa Afrika pamoja na mkongo kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa. Na hapa nchini mbao za msituni haziguswi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Mti wenye umri wa bibi yako haupaswi kuangushwa kwa ajili ya pambo la sebule. Tumia kile ambacho mti ulioanguka kwa kitanda au mlango umeshakiacha. Kisha muulize seremala alikoitoa mbao yake, kama unavyomuuliza muuza nyama amechinja nani.

Kilichofichwa ndani ya mbao

Sasa tuje kwenye kiini. Umeme wa majumbani kwetu, Bara na Zanzibar, ni wa volti 230. Huo unaua mtu. Picha ya taa inaonyesha mbao tu, lakini roho ya taa iko katika mambo manne ambayo hayapigwi picha.

La kwanza ni waya. Kwa taa moja ya LED, waya laini wa shaba wa 0.75 wenye ganda mbili unatosha. Kosa linalofanyika ni kutumia waya wa spika kwa sababu ni mwembamba na unapendeza, au kuuziwa waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwarua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo si shaba, urudishe dukani. Na zijue rangi: kahawia ni laivu, buluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa manjano ni ethi. Kwenye nyumba za zamani unaweza kukuta nyekundu na nyeusi badala ya kahawia na buluu, na hapo kukisia hakufai, tumia testa.

La pili ni holda. Kuna za pini na za skrubu. Kwenye holda ya skrubu, laivu inafungwa kwenye kidude cha katikati kule chini, na nyutro kwenye mizunguko ya pembeni. Ukigeuza, taa itawaka vilevile na hutajua kitu. Lakini siku mtu atakapobadilisha globu swichi ikiwa haijazimwa, kidole chake kikagusa ile mizunguko, atakuwa ameushika umeme wenyewe. Na taa yenye mnyororo au kikombe cha chuma inataka waya wa tatu wa ethi, bila mjadala.

La tatu ni uzito. Nyuzi za shaba ndani ya holda zimewekwa kupitisha umeme, hazikuwekwa kubeba mzigo. Piga fundo la waya ndani ya kikombe au weka kibanio, ili taa ikivutwa ivutwe ganda la nje. Taa nzito ishikwe na mnyororo au kamba imara, na ndoano iingie kwenye boriti. Siling bodi peke yake haibebi. Hapa Singida tunalo jengine: upepo. Anayeijua Singida anaujua upepo wake. Taa ya barazani inacheza usiku kucha, na kila ikicheza waya unasuguana na ukingo wa tundu la mbao. Baada ya miezi ganda linalika bila mtu kuona. Tundu hilo lipigwe msasa mpaka lilainike, kisha livishwe mpira. Kazi ya dakika kumi hiyo.

La nne ni joto. Globu ya zamani ya wati 60 inageuza sehemu kubwa kabisa ya umeme wake kuwa joto, mwanga ni ziada tu. LED ya wati 7 au 9 inatoa mwanga unaokaribia huo kwa joto dogo sana, na hiyo ndiyo sababu leo tunaweza kuizungushia mbao bila hofu. Lakini LED nayo inapata moto shingoni, na hewa ya moto inapanda juu. Kifuniko kilichozibwa juu kinaifungia, globu inakufa mapema na mbao inakauka kupita kiasi. Toboa matundu juu. Acha nafasi ya vidole vitatu baina ya globu na mbao. Kisha andika ndani kwa kalamu isiyofutika: LED tu, isizidi wati 9.

Jirani yangu mmoja hapa alinunua mnadani taa ya vijiti, nzuri kweli, nami niliisifu. Ndani ilikuwa na waya wa spika, na juu haikuwa na tundu hata moja. LED ilipoungua akaweka globu ya zamani aliyokuwa nayo kabatini. Haikuwa imeandikwa popote kwamba asiweke. Baada ya Isha wamekaa wanakula, wakasikia harufu, wakatizama juu, ganda la waya limelainika linanyonyoka na mbao imeshaanza kuwa nyeusi. Swichi ilikuwa karibu na watu walikuwa macho, Alhamdulillah. Ingewachwa ikiwaka wakati watoto wamelala, tungekuwa tunasimulia mengine.

Aliyeitengeneza taa ile simjui, na siamini alikuwa na nia mbaya. Naamini alifundishwa kupamba tu. Mafunzo mengi ya ujasiriamali ninayoyaona wanawake tukipewa yanahusu rangi, shanga, jinsi ya kufungasha na jinsi ya kupiga picha bidhaa. Kwa kapu na kwa sabuni yanatosha. Kwa kitu kinachochomekwa kwenye umeme hayatoshi hata robo.

Mbao ya Singida na hewa ya Unguja

Kuna jengine ambalo watu wa visiwani wanaoagiza taa bara wanapaswa kulijua. Mbao inaendelea kunywa na kutema unyevu hata ikishakuwa kiti au taa. Singida ni ukanda wa kati, nchi kavu iliyoinuka, yenye msimu mmoja wa mvua kisha kiangazi kirefu tangu Mei hadi Oktoba. Unguja na Pemba hewa ni nzito mwaka mzima, na masika inapoingia Machi hata chumvi inalia kwenye kopo.

Taa iliyogandishwa Singida mwezi wa Agosti ikifika Unguja inavimba. Mbao inavimba kwa upana, urefu haubadiliki sana, kwa hiyo kipande kipana kinasukumana na jirani yake mpaka gundi inaachia. Ukifanya kinyume, ukaleta huku taa iliyotengenezwa Unguja, inasinyaa na kupasuka kabla kiangazi hakijaisha. Hilo si jini wala si jicho la mtu. Ni maji yanaingia na kutoka.

Dawa yake ni subira. Usitumie mbao mbichi hata ukipewa bure. Panga masalio yako kivulini yapitwe na hewa kwa wiki kadhaa. Penda vipande vyembamba na vifupi kuliko ubao mmoja mpana. Paka vanishi ndani na nje, maana ukipaka nje tu upande mmoja unakunywa na mwengine haunywi, na hapo ndipo mbao inapinda. Taa inayokwenda pwani ifungwe kwa skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya bahari itaila misumari ya kawaida, na kutu ikianza huijui mpaka taa ianguke.

Vumbi na watoto

Karakana ya nyumbani ina ubaya wake ambao ni lazima tuuseme. Seremala wa mtaani akimaliza kazi anaondoka na kuliacha vumbi lake karakanani. Sisi tunalala nalo. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, khasa saratani za puani. Mkongo unawasha pua na koo, na mpingo unawasha ngozi za baadhi ya watu.

Basi kupiga msasa kufanyike nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na barakoa nzuri usoni. Ushungi uliovutwa puani hauzuii vumbi laini. Usifagie vumbi likiwa kavu, nyunyiza maji kwanza. Usikate mbao karibu na jiko wala karibu na nguo za mtoto zilizoanikwa. Vanishi nayo isikae jikoni, ule mvuke wake unashika moto haraka. Kama huna nafasi ya kutenga haya, kodisha kona kwa seremala kwa siku mbili za wiki. Kukaa nyumbani ni neema, lakini nyumba isije ikalipa gharama ya kazi.

Bei ndiyo inayoamua usalama

Hapa nitasema neno ambalo huenda lisiwapendeze wanunuzi, nanyi wengi wenu ni wanunuzi.

Tufanye hesabu ya mfano. Masalio ya mninga shilingi 4,000. Waya, holda na kikombe cha darini 9,000. Globu 5,000. Gundi, msasa na vanishi 5,000. Kufungasha na nauli ya mzigo 5,000. Vifaa vinavyochakaa, tuseme 4,000. Hapo tumeshafika 32,000 na mtengenezaji hajapata hata senti. Taa imemchukua saa nane za kazi, na akijihesabia 2,500 kwa saa ni 20,000. Jumla 52,000.

Anakuja mteja, anaishika, anaisifu, kisha anasema, "Shoga yangu, nifanyie thelathini." Elfu ishirini na mbili itoke wapi? Mbao inaonekana, haiwezi kupunguzwa. Vanishi inaonekana. Atakayeanza kukatwa ni jasho lake mwenyewe, na jasho likiisha anaingia ndani ya taa: waya mzuri unakuwa waya wa spika, holda ya porcelini inakuwa ya plastiki nyepesi, ndoano ya boriti inakuwa msumari. Punguzo lote linakwenda kujificha mahali ambapo mteja hatizami. Kwa hiyo tunapoomba kupunguziwa taa, mara nyingi tunajipunguzia usalama wetu, na tunalipa tofauti ile kwa njia nyengine.

Na cha kushangaza ni kwamba mteja huyohuyo akiingia duka lenye viyoyozi, akakuta taa iliyoletwa kutoka ng'ambo ina kibandiko cha bei, hasemi neno. Anafungua pochi. Kwa mwenzake aliyekaa kwenye kigoda na vumbi kichwani ndipo anapokumbuka kubembeleza. Sisemi tusipatane bei, kupatana ni mila yetu na kuna utamu wake. Nasema tusipatane juu ya waya.

Nanyi watengenezaji wenzangu, msijisafishe kwa maneno yangu. Kama mteja hana fedha, mpunguzie umbo: taa ndogo, duara tatu badala ya tano, paini badala ya mninga. Cha ndani kibaki vilevile. Dini yetu imemtaka muuzaji aseme aibu ya bidhaa yake kabla hajapokea pesa. Kwenye kanga aibu ni doa, mteja ataliona. Kwenye taa aibu iko ndani, wewe peke yako unayeijua, na hapo ndipo inapoitwa amana.

"Umeme ni kazi ya wanaume"

Wako watakaosema, sawa, basi wanawake wachonge mbao na waya waachiwe mafundi. Mimi naona sisi wa visiwani ndio watu wa mwisho kusema hivyo. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ndiyo nyumba ya mwanzo kuwashwa taa za umeme Zanzibar. Na leo, pale Kinyasini, Kaskazini Unguja, kuna chuo cha Barefoot College ambacho tangu 2015 kinafundisha wanawake kutoka vijiji visivyo na umeme kufunga na kutengeneza mitambo ya jua. Wengi wao ni mama wa watu wazima, wengine skuli hawakufika mbali. Wanakaa miezi kadhaa, wanajifunza kwa rangi, kwa kugusa na kwa kurudia, kisha wanarudi kijijini kwao kuwasha nyumba za wenzao. Kabla chuo hicho hakijafunguliwa, Wazanzibari wa mwanzo walisafiri hadi Tilonia, India, kujifunza kazi hiyo. Kama mama wa kijijini anaweza kutengeneza mtambo wa jua, mimi na wewe tunaosoma haya kwenye simu hatushindwi na holda.

Ila tutofautishe mambo mawili. Kuunganisha waya na holda ndani ya taa, na kuipima kabla haijatoka mikononi mwako, ni kazi ya mtengenezaji. Kuiunganisha kwenye umeme wa nyumba ni kazi ya fundi anayetambulika, na huku bara fundi wa umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA. Kujua kwako cha ndani hakukufanyi fundi wa nyumba, kunakufanya mtu anayeweza kujibu akiulizwa.

Pa kujifunzia pako. Singida pana chuo cha VETA, na pana ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, ambalo kazi yake ni watu wa namna yetu. Zanzibar kuna vituo vya mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji kule Pemba. Na kama huwezi kwenda chuo, mtafute fundi umeme mmoja mwaminifu wa mtaani, mlipe akukague taa zako tano za mwanzo na akueleze kila alichokigusa. Hiyo ni ada ndogo kuliko ada yoyote ya semina.

Kwa vikundi vyetu vya kuweka na kukopa nina ombi. Mnaponunua kwa pamoja, msinunue drili tu. Nunueni na kifaa cha kupimia umeme, kiwe cha kikundi, na taa yoyote isitoke bila kupimwa na mwanakikundi mwengine. Mtu haoni kosa lake mwenyewe akiwa amechoka.

Kabla hujalipa, uliza

Mnunuzi, usione haya. Uliza mbao imekauka kwa muda gani. Uliza waya ni wa aina gani, na uombe kuonyeshwa ndani. Tizama kama juu kuna matundu ya hewa na kama imeandikwa wati. Ivute kidogo taratibu kwa mkono mmoja: kama waya unateleza ndani ya kikombe, hakuna fundo. Uliza inafungwa kwenye nini darini. Atakayejibu bila kusita, mlipe bei yake. Atakayesema "usijali, dada, inawaka tu," mshukuru na uendelee na safari yako.

Na ukishainunua, usiiharibu kwa globu. Madukani mwetu globu nyingi ni zile nyeupe za buluu, zilizoandikwa 6500K. Zinafaa stoo. Chini ya mwanga ule mninga unaonekana kama mbao ya sanduku. Tafuta iliyoandikwa 2700K au 3000K, ule mwanga wa manjano laini kama wa kandili, na mbao itarudisha wekundu wake. Juu ya meza ya kulia taa ishuke mpaka ibakie sentimita 75 hadi 90 kutoka mezani, hapo inaangaza chakula bila kuwapiga watu machoni. Njiani isishuke chini ya mita mbili na zaidi kidogo, wageni warefu nao ni wageni.

Mwenye nia ya kuanza kazi hii aanze, soko lipo na masalio yapo. Lakini ajifunze waya kabla ya vanishi. Na mwenye nia ya kununua anunue kwa mwenzake, alipe saa zake na alipe shaba iliyo ndani. Yule anayelala chini ya taa hakuchagua waya wala hakupatana bei, na mara nyingi ni mtoto. Mungu atujaalie mikono ya uaminifu.